Kabla Pazia Halijafunguka

Tarehe 4 Februari

Kaka Cheche,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeisha, ukuta wa chumba changu bado una ule unyevu na mwenye nyumba bado anasema fundi yuko njiani. Huyo fundi hata angekuwa anatoka mwezini angeshafika. Natumaini Mama hajambo, wewe hujambo, wifi na watoto hawajambo. Haya, salamu zimetosha.

Kwanza nikuulize: nani kamwambia Mama kwamba simu ni adui? Nikimpigia hapokei, nikikupigia wewe unasema Mama anataka barua, eti maneno ya simu hayabaki. Zama hizi, kaka! Nimesimama foleni ya posta mpaka miguu ikafa ganzi, na dada wa dirishani akaniuliza kama stempu ni za kumbukumbu au ni za kutumia. Lakini kwa kuwa ni Mama, naandika.

Sasa jambo lenyewe. Kaka, nimepewa tarumbeta ya kwanza! Yule mzee aliyekuwa anakalia kile kiti amestaafu, meno yamemwishia, na bila meno tarumbeta hupulizi. Kiongozi wa okestra akaninyooshea fimbo yake mbele ya watu wote, akasema, "Wewe." Nikageuka nyuma kuangalia anamwambia nani.

Msimu huu tunapiga opera ya hadithi. Opera unaijua, ni mchezo wa jukwaani, ila badala ya kuongea wanaimba, na sisi wapigaji tunakaa kwenye shimo mbele ya jukwaa. Hadithi ni ya mfalme aliyekusanya usingizi wa nchi nzima akaufungia kwenye chupa ili alale yeye peke yake, na binti wa muuza mishumaa anayekwenda kuuiba. Sasa sikiliza. Kabla pazia halijafunguka kuna ufunguzi. Ni muziki mtupu, hakuna mtu jukwaani, hakuna anayeimba, na hadithi nzima imo mle ndani. Na ufunguzi unaanza na nani? Na mimi! Tarumbeta peke yake, taratibu, wimbo wa kubembeleza mtoto ambao haufiki mwisho. Fidla zinasubiri, zumari zinasubiri, shimo zima limeshikilia pumzi linanisubiri mimi, Mapafu, niliyekuwa nafukuziwa nyuma ya nyumba nisiwasumbue majirani.

Unakumbuka Mama alivyokuwa anatoka na mwiko mkononi? "Mwacheni mwanangu apulize! Anayetaka kimya akakae makaburini!" Na alisema siku nikipiga peke yangu ukumbini atakuja hata kwa kutambaa. Basi siku imefika. Baada ya ufunguzi sina tena pa kupiga peke yangu, kazi yangu inabaki kutoa pa-pa-paa mfalme akiingia. Kwa hiyo ni ufunguzi au hakuna kitu. Msimu unaisha mwishoni mwa Mei. Nakuomba umlete.

Mdogo wako,
Mapafu


Tarehe 1 Machi

Mdogo wangu Mapafu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imelowa kona moja lakini inasomeka. Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu sana, mtoto wa pili ameng'oka jino la mbele na sasa anapiga mluzi bila kutaka. Karakana ndiyo hivyo, nina mageti ya shule yamejaa uani yanasubiri rangi, na fundi wangu wa rangi kanikimbia, eti cheche zangu zinamharibia kazi. Nimemwambia hiyo ni karakana ya kuchomelea, siyo saluni. Hakucheka.

Mama hajambo. Ile redio yake, ile aliyokuwa halali bila kuisikiliza, amempa jirani. Anasema siku hizi watangazaji wananong'ona. Anashona kutwa. Amenishonea suruali mbili na sikumwomba hata moja, na zote zimenibana.

Hongera kwa kiti. Nimefurahi, usione naandika kavu. Mama ameisoma barua yako mara nyingi mpaka mikunjo imeanza kuachia, kisha akaiweka chini ya mto.

Kuhusu kuja, mdogo wangu, tutaona. Safari ni ndefu, magoti ya Mama unayajua, na mimi na haya mageti. Halafu kuna kitu sijakielewa. Huo ufunguzi ni ile sehemu kabla mchezo haujaanza, sivyo? Sasa kwa nini tukimbilie sehemu ambayo haijaanza? Tunaweza kuingia mchezo ukishaanza, Mama akaona mavazi, akamwona huyo mfalme na chupa yake. Na wewe si utakuwemo humo humo shimoni? Sikatai, nauliza tu.

Kaka yako,
Cheche


Tarehe 19 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hapa wote wazima, mimi mzima, unyevu mzima, mwenye nyumba mzima.

Barua zako, kaka! Ukurasa mzima wa salamu, meno ya watoto, rangi, suruali, mtu anasoma mpaka anasahau alikuwa anatafuta nini. Barua yako wewe ni ufunguzi mtupu, pazia halifunguki. Nimeshajifunza, naanza kusoma kutoka chini. Na chini nimekuta nini? "Tutaona." Hiyo tutaona yako naijua. Ulisema tutaona nilipotaka baiskeli, na mpaka leo natembea kwa miguu.

"Sehemu ambayo haijaanza." Hata wewe! Ngoja nikueleze ninavyoishi, labda utanionea huruma. Ukumbi huu una desturi yake ya tangu enzi na enzi: milango haifungwi mpaka pazia lifunguke. Mlangoni anasimama mzee mmoja tunayemwita Karibu-Karibu, kwa sababu hilo ndilo neno lake. Wakati mimi nimeshusha pumzi napiga ule wimbo, sauti nyembamba kabisa, yeye yuko kule nyuma, "Karibu, karibu, safu ya nne, karibu." Viti vinagonga. Kuna mama mmoja anafungua pipi, anaifungua polepole akidhani polepole ndiyo kimya. Juzi mwanaume kaita kutoka safu ya mbele mpaka mlangoni, "Huku! Nimekushikia nafasi!" Na mwenzake akamjibu! Wakaulizana habari za nyumbani juu ya kichwa changu.

Nikaenda kwa meneja. Nikamwomba kwa adabu zote, mzee, tufunge milango taa zikipungua. Akaniangalia hivi, akasema, "Binti, watu wamekuja kuona pazia likifunguka. Ninyi mnawasaidia wakae." Mnawasaidia wakae! Nimejifunza muziki tangu sijaota kifua, midomo imeniota sugu, kumbe nilikuwa najifunza kukalisha watu. Nilitoka mle ofisini nikalia chooni kwa hasira, halafu nikanawa uso nikaenda mazoezini.

Na laiti wangejua wanachokikosa! Mimi nikishauacha wimbo umening'inia, fidla zinaingia chini kwa chini, huyo ni binti anakuja na mishumaa yake. Halafu zumari moja inapiga miayo. Kweli kabisa, kaka, miayo, mpaka mpiga ngoma wetu naye anapiga miayo kila siku mahali palepale na kiongozi anamfokea. Kisha ikulu ya mfalme, hapo wapuliza shaba wote tunaachia, sakafu ya shimo inatikisika, jirani yangu wa tromboni ananikanyaga na wala sijali. Mwisho wimbo wangu unarudi, safari hii wanaupiga wote, unapanda, unapanda, unakaribia kabisa kufika, na kiongozi anaukata kwa mkono. Kimya. Ndipo pazia linafunguka. Nimeupiga mpaka naota naupiga na bado mwili unanisisimka. Kazi yangu tamu, kaka, ndiyo maana nina hasira hivi.

Nataka mtu mmoja tu mle ukumbini ambaye amenyamaza. Nimewashikia viti viwili, safu ya pili upande wa kulia. Nikiinua macho kutoka shimoni namwona Mama uso kwa uso. Ni Jumamosi ya mwisho ya msimu. Usiniambie tutaona.

Mapafu


Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Ukitaka kuanzia chini anzia, shauri yako. Mimi nilifundishwa kusalimu kwanza, na aliyenifundisha ndiye aliyekufundisha wewe. Kwa hiyo soma na haya.

Wifi yako hajambo. Mageti yameondoka hatimaye, nimeyapaka rangi mwenyewe na shule wamelalamika. Mama hajambo. Nimemtengenezea kitu: ile kengele ya mlangoni nimeing'oa, badala yake nimefunga taa nyekundu sebuleni, juu ya cherehani. Mgeni akibonyeza nje, taa inawaka ndani. Mama ameifurahia mno, anawaambia watoto watoke wakabonyeze aone. Siku hizi akipika anaimba, anaimba kwa sauti mpaka mtaa mzima unajua tunakula saa ngapi, na zile nyimbo zake za zamani zimeanza kupotea njia. Jirani akija wanakaa wakitazamana usoni, hawakai tena bega kwa bega pale kibarazani.

Sasa jambo lako. Nilimpa barua akaisoma. Akaniuliza, "Huo ufunguzi, kuna nini cha kutazama?" Nikamwambia pazia. "Limefungwa?" Limefungwa, Mama. "Pazia tu?" Pazia tu. Akarudi kwenye cherehani yake, nikadhani imeisha hiyo. Kesho yake nikamkuta anakata kitambaa cha gauni, akasema, "Tutakwenda. Sikuzaa mtoto apige muziki nikae nyumbani."

Basi tunakuja. Usinipigie kelele tena.

Cheche


Tarehe 2 Juni

Kaka,

Leo hakuna shikamoo.

Jumamosi niliamka na furaha ya mtoto. Nilipiga pasi nguo nyeusi, nikaisugua tarumbeta mpaka nikajiona meno. Nikaingia shimoni mapema, nikainua macho: viti viwili, vitupu. Nikajiambia wanakuja, ni ngazi, ni magoti ya Mama. Taa zikapungua. Vitupu. Kiongozi akaniangalia, na mimi nikamwangalia kwa macho ya kumwomba asubiri, lakini atasubiri nini? Akainua fimbo.

Nikapiga. Kaka, sijawahi kupiga vile. Na maajabu, siku hiyo watu walikuwa wametulia, hata mama wa pipi hakuja. Siku moja tu msimu mzima nimepata kimya changu, na nikavipigia viti viwili vya kitambaa. Wimbo ukarudi, ukapanda, ukakatwa, pazia likafunguka. Na hapo hapo, hapo hapo kaka, namwona Mama anaingia na gauni lake jipya la kijani, wewe umemshika mkono, mnakaa.

Nilikuwa tayari kuwasamehe. Baada ya mchezo nilikuja mbio kwenye ujia, nikamkumbatia, nikamuuliza, "Mama, mlisikia hata kidogo kule mwanzo?" Akanishika uso kwa mikono miwili, ananitazama mdomoni, akasema, "Umependeza, mwanangu, ila umekonda." Nikauliza tena, akasema, "Kula, mwanangu." Watu wanapita, masanduku ya ala yanapita, wewe unatazama viatu vyako. Nikasema potelea mbali, wamechoka, nikawasindikiza kituoni na tabasamu langu la kubandika.

Jana nimekutana na Karibu-Karibu. Akaniambia, "Mama yako mcheshi sana. Walifika hata kabla sijafungua milango." Nikamwambia haiwezekani, waliingia pazia limeshafunguka. Akasema, "Ndiyo. Mimi niliwaambia karibuni, karibuni ndani. Kaka yako akasema bado, tunasubiri waanze."

Tunasubiri waanze! Nilikuwa nimeshaanza! Mlango ulikuwa wazi, kaka. Msimu mzima napigana na ule mlango ufungwe, na siku pekee niliyotaka mtu mmoja aingie, wewe ndiye uliyesimama ukamzuia. Na Mama naye ananizungusha na habari za kukonda. Kama muziki wangu mnauona ni wa kukalishia watu, semeni, nijue moja. Mlikuja kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na gauni jipya juu.

Usiniletee ukurasa wa salamu. Nimeuliza kitu kimoja: kwa nini?

Mapafu


Tarehe 30 Juni

Mapafu,

Barua yako nimekaa nayo kwenye mfuko wa ovaroli mpaka imeingia grisi. Nimechelewa kwa sababu kila nikianza kukujibu nakuta natukana. Hata sasa nina hasira, kwa hiyo utanisamehe mwandiko.

Salamu zitatangulia, utake usitake. Wifi yako hajambo. Watoto hawajambo. Mama hajambo. Mama hasikii.

Haya, umeiona leo? Imo kwenye salamu. Na tangu Machi ilikuwa humo humo. Nilikuandikia kwamba redio ameigawa, Mama yetu, aliyekuwa anagombana na mtu akiigusa tu ile redio. Nilikuandikia kwamba nimeng'oa kengele nikafunga taa. Taa, Mapafu! Mtu anafunga taa badala ya kengele kwa sababu gani, kwa urembo? Nilikuandikia nyimbo zimepotea njia, nikakuandikia hata namna anavyokaa na jirani. Na simu zako hapokei tangu mwaka jana. Wewe ukaniambia unaanzia chini.

Unalia kwamba watu wanaongea wakati wa ufunguzi wako. Na mimi je?

Sasa hiyo kwa nini yako. Lilianza sikio moja, daktari akasema na la pili litafuata, na likafuata. Mama akanikalisha chini, akanizuia nisikwambie. Akasema, "Mtoto amehangaika na ile tarumbeta tangu mdogo. Akijua, ataacha kila kitu aje kunilea, namjua. Akiuliza mwenyewe, mwambie. Asipouliza, mwache apige." Nikaapa. Basi nikawa nakuandikia kwenye salamu, nikijua utauliza tu, mtu gani hawezi kuuliza? Kila barua yako ikija naifungua nikitafuta swali moja tu, Mama anaendeleaje. Nakuta meneja, milango, pipi. Nimebeba hili jambo peke yangu mpaka wifi yako ananiuliza kwa nini nafoka na nyundo.

Jumamosi ile tulifika mapema kweli. Mzee wako alitukaribisha vizuri. Mama akachungulia ndani, akaona vile viti, akaona shimo, akapima kwa macho, akarudi nyuma akanishika mkono. Akaniambia, "Nikikaa pale ataniona uso. Wakianza kuimba nitakuwa na kitu cha kutazama, wenzangu wakicheka nitacheka. Lakini pazia likiwa limefungwa, Cheche, nitatazama nini? Sitajua ameanza, sitajua amemaliza. Atainua macho aone mama yake amekaa kama mzigo." Akakaa kwenye benchi la ujiani, na gauni lake, akanituma nisimame mlangoni. Akasema, "Wewe sikiliza kwa niaba yangu."

Nikasikiliza. Mimi sijui muziki, najua chuma. Lakini sikubandua mguu pale. Karibu-Karibu akija ananikaribisha, nami nafanyaje, nimwambie nini? Nikasema tunasubiri waanze. Nilipogeuka Mama alikuwa anaukodolea macho mdomo wangu, kwamba nimwambie. Nikashindwa. Nitamwambiaje tarumbeta? Nikamwonyesha dole gumba. Kitu gani hicho cha kumwonyesha mtu aliyetoka mbali vile, lakini ndicho nilichokuwa nacho.

Sasa umejua, na kiapo changu umekivunja wewe kwa sababu umeuliza kwa nini. Nimeshachoka na haya mambo.

Cheche


Tarehe 16 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo.

Mama anaendeleaje? Analala vizuri? Anapata kizunguzungu? Jirani bado anakuja, au amechoka kukaa uso kwa uso? Watoto wanamcheka akiimba, au wameacha? Wewe unalala? Wifi ananisema vibaya? Ana haki. Ile taa inawaka sawasawa, haijaungua? Suruali zako umezivaa hata mara moja aone? Zivae, kaka, hata kama zinabana.

Nimezirudia barua zako zote kutoka juu. Sina la kujitetea. Nina hasira na wewe kwa kile kiapo, nina hasira na Mama kwa kuniamulia, na ile niliyonayo juu yangu mwenyewe haiandikiki. Tutagombana vizuri nikija. Okestra inafunga kwa likizo mwishoni mwa Agosti na nimeshakata tiketi.

Hiyo karatasi nyingine iliyokunjwa ndani ni ya Mama. Usimsomee wala usimwonyeshe kwa mikono, anajua kusoma kuliko sisi sote. Mpe tu, halafu uondoke mbele yake.

Mdogo wako,
Mapafu

*

Mama,

Shikamoo. Najua. Usimgombeze Cheche, niliuliza mwenyewe.

Kaa kwenye kiti chako cha cherehani. Mguu toa kwenye pedali. Hii isome taratibu, ukikimbia unaharibu.

Taa zinapungua. Pazia limefungwa, ni zito, la rangi ya damu ya mzee, na halina chochote cha kutazama, kwa hiyo hakuna aliyekuzidi. Kiongozi ananiangalia. Nalamba midomo. Anainua fimbo, na mle shimoni hakuna anayepumua.

Naanza. Ni wimbo wa kubembeleza, lakini haufiki mwisho. Kiongozi alituambia ni kwa sababu mfalme ameiba usingizi. Mimi nilipouona kwa mara ya kwanza kwenye karatasi nilicheka, kwa sababu nilikuwa naujua. Ulikuwa unanibembeleza mimi, na kila siku ulikuwa unasinzia wewe kabla yangu. Ulikuwa unafika pale unapopanda, sauti inakuwa nyembamba, inakatika, kichwa chako kinaangukia begani kwangu, nami niko macho nasubiri umalizie. Basi ndivyo ninavyoupiga. Napanda, nakonda, naacha. Wenzangu wanadhani nimesoma sana.

Sasa fidla. Ni kama unapokunja kitambaa chepesi na kinataka kuteleza kutoka mkononi, zinakuja hivyo, nyingi, chini kwa chini. Halafu zumari inapiga miayo. Piga na wewe, Mama, huwezi kujizuia, hata mpiga ngoma hawezi. Sasa mfalme, kishindo: weka kiganja kwenye meza na mwambie mtoto wa pili aruke. Ndiyo, zaidi ya hapo.

Na sasa wimbo unarudi, wote tunao. Unapanda. Hakuna aliyesinzia safari hii. Unapanda tena, unafika pale pako, pale kichwa kilipokuwa kinaanguka, nami niko macho nasubiri. Kiongozi anakata.

Kimya. Hicho kimya, Mama, wewe na mimi tunakisikia sawasawa.

Mwanao anayekonda,
Mapafu


Tarehe 5 Agosti

Mdogo wangu Mapafu,

Marahaba. Sisi wazima. Wifi yako hakusemi vibaya, amekusema mara moja tu ikaisha. Fundi wa rangi amerudi, amedai pazia la turubai kati yake na cheche zangu na nimemfungia. Suruali nimezivaa zote, kwa zamu, na moja imepasuka nikiwa nimeinama mbele ya mteja. Taa haijaungua.

Karatasi yako nilimpa Mama Jumapili asubuhi. Ulisema niondoke, nikaondoka, lakini sikwenda mbali, nilisimama uani ambapo dirisha linaonyesha ndani. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akatoa mguu kwenye pedali, akavaa miwani. Akawa anasoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

Yuko katikati, jirani akaja. Nikamwona anabonyeza. Taa ikawaka pale ukutani, nyekundu, mbele ya uso wake kabisa. Mama akainua macho, akaitazama. Akarudi kwenye karatasi. Jirani akabonyeza tena, akabonyeza na mara ya tatu, sebule nzima ikawa nyekundu, na Mama safari hii hakuinua hata macho.

Nikatoka kwenda kumwambia jirani asubiri. Akaniuliza, kwani kuna nini humo ndani? Nikamwambia wameshaanza, mlango haufunguliwi mpaka wamalize. Akanishangaa, lakini akasimama. Tukasimama naye pale nje, kimya, mpaka tukasikia mtu anapiga makofi.

Kaka yako,
Cheche